Holo wa Kabula

Kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja shule ya msingi kule Kishapu huwa limelala mwezi mzima, na likiamka ujue kuna msiba au mchango wa harusi. Juzi liliamka kwa sababu ya mdoli. Mwenzetu mmoja anayefanya biashara Geita mjini alituma picha ya sanamu mbili za mti, urefu wa chupa ya soda, zimesimama juu ya kabati lake la televisheni. Hakuandika neno lolote chini yake. Kila aliyekulia kule kwetu wakati ule alijua anaangalia nini: Holo na Bwana Karani, midoli ya manju Lugiko.

Vita ikaanza hapo hapo. "Shingo fupi! Huyo siyo Holo, huyo ni mama yake mdogo." "Bwana Karani kitambi chake kilianzia kifuani, huyu mchongaji alikuwa anamwonea huruma au?" "Wewe nyamaza, ulikuwa unakaa nyuma ya watu wazima, uliona nini zaidi ya migongo yao?" Mmoja wetu, siku hizi ni mchungaji na ana heshima zake, alituma sauti ya dakika saba kuhusu masikio ya Holo peke yake. Mwingine akamjibu kwa hasira kwamba Holo hakuwa na masikio kabisa, alifunga kilemba. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wakarushiana maneno hadi adhuhuri. Na hakuna wa kuwaamua, maana manju alishafariki na midoli yenyewe ililiwa na mchwa.

Mimi sikuandika kitu. Holo wangu ninaye tayari, yuko hapa mezani karibu na cherehani. Ninashona nguo huku Buseresere, na nilimnunua siku niliyokwenda Geita kuchukua vitambaa. Muuzaji aliniambia wanaletwa kutoka Rwamgasa, kuna mama huko anawachonga. Akafungua mdomo anitajie jina, nikamwambia nifungie haraka kaka, gari linaniacha. Gari halikuwa linaniacha. Tangu siku hiyo nimemgeuza huyu Holo kila upande nikimtafutia kosa, nimlaumu mtu, na sijalipata.

Niseme mapema, nisije nikaonekana mtu mwema: mimi ni mwanamke wa wivu. Sikuuanza ukubwani wala sikufundishwa na mume. Niliuanza nikiwa na miaka tisa, na niliyemwonea wivu wa kwanza katika maisha yangu alikuwa mtoto wa miaka tisa pia, asiye na viatu.

Kwa wasiotoka kwetu, manju ni mtunzi na mwimbaji anayeongoza ngoma. Lugiko alikuwa na sauti ya kawaida, tuseme ukweli, lakini alikuwa na midoli. Holo alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka mitano, amechongwa kwa mninga, viungo vimeunganishwa kwa ngozi, na chini ya shuka alijificha mtoto mmoja akivuta kamba. Ngoma ikipamba moto, Holo ananuna. Anampa manju mgongo. Manju anaimba, anabembeleza, anapiga magoti vumbini na suruali yake nzuri, Holo hageuki. Kina mama wanapiga kelele, "Holo, geuka mayu! Geuka, mama!" Ndipo anageuka polepole, kichwa kwanza, halafu bega, halafu mkono unapanda mdomoni, na vigelegele vinatoka kwa kina mama wote uwanjani kana kwamba vimetoka kwake. Bwana Karani, na kofia yake na penseli sikioni, yeye kazi yake ilikuwa kuzimia tu kila akijaribu kunyanyua gunia la pamba la Holo. Tulimpenda, lakini Holo tulimwabudu.

Mashindano ya ngoma ya kwetu hayana mwamuzi. Vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, huyu huku na huyu kule, na watu wanakwenda wanakopenda. Hakuna anayepiga kura. Miguu ya watu ndiyo inayosema, na manju anayebaki na vumbi lake peke yake anajua ameshindwa. Lugiko alikuwa hashindwi. Kila mtu alisema ana dawa ya kuvuta watu, ameifukia uwanjani, wengine wakasema ameishonea ndani ya tumbo la Holo. Yeye mwenyewe hakukataa hata siku moja, alikuwa akicheka na kujishika kofia. Baba yangu, mtu wa swala tano, asili yake Ujiji, na duka lake la sukari na sabuni, naye alikuwa akirudi kutoka ngomani akisema, "Yule manju ana dawa, wallahi, mimi nilikuwa nakwenda msikitini, miguu ikanipeleka kule." Na sisi tulicheka. Kwa hiyo mimi nilikua nikijua kwamba dawa ni kitu ambacho mshindi anacho, na aliyeshindwa anakitaja.

Watoto sote tulikuwa na Holo wetu wa udongo. Tuliuchimba kwenye vichuguu, tukaukanda kwa maji ya lambo, tukafinyanga, tukaanika juani, tukapaka majivu na mkaa. Jioni ng'ombe wakishanywa tuliwapanga kwenye ukingo wa lambo na kubishana hadi makamasi yatutoke. Kila mtu alikuwa bingwa wa kumjua Holo. "Paji lake halitokezi hivyo!" "Kiuno chake hakianzii hapo!" Na tuliamua kama wakubwa wanavyoamua: Holo wawili, mmoja huku mmoja kule, halafu watoto wanatembea kwenda kusimama nyuma ya yule anayefanana zaidi. Ulikuwa mchezo mkatili, sijui kwa nini hakuna mzazi aliyetukataza. Unasimama na mdoli wako miguuni, unaangalia watu unaokula nao wakikupita bila kukutazama usoni.

Holo wangu alikuwa akipasuka. Kila mara. Nikimwanika asubuhi, jioni shingo ina ufa, kesho yake kichwa kiko chini. Holo wa Kabula hakupasuka.

Kabula alikuwa rafiki yangu, tena wa kufa na kuzikana. Aliishi na bibi yake, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya pamba, wawili tu na ng'ombe mmoja mweupe. Tulimwita yule mzee Bibi Kabula, kwa jina la mjukuu wake. Kwetu miti ni ya kutafuta kwa tochi, na Bibi Kabula alipikia samadi kavu ya ng'ombe maisha yake yote, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoa machozi kutwa. Nilimzoea hivyo. Nikifika nilipiga goti, "Shikamoo bibi," naye, "Marahaba mjukuu wangu, umekuja kunimalizia michembe yangu?" Halafu ananijazia bakuli la michembe, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na karanga juu, zaidi ya alivyomjazia Kabula. Kisukuma changu kilikuwa cha kuokota na yeye alikuwa akinicheka bila kuniumiza.

Ukitazama, mimi ndiye nilikuwa na kila kitu. Nilikuwa na baba, mama, duka, mdogo wangu Rehema, gauni la Idi na viatu vya ngozi. Na bado nilimwonea wivu Kabula kuanzia unyayo. Niliionea wivu miguu yake iliyoweza kukanyaga miiba bila kuruka. Niliuonea wivu mwanya wake, nikawa najisukuma meno ya mbele kwa ulimi nikilala. Nilimwonea wivu kwa sababu bibi yake hakumwuliza kamwe umetoka wapi. Zaidi ya yote niliionea wivu mikono yake. Alikuwa akifinyanga huku anaongea, anaangalia pembeni, anacheka, hata hamtazami Holo, na Holo anatokea. Mimi nilikuwa nang'ata ulimi kwa juhudi na ananitokea mtu mwenye mafua.

Msimu ule, pamba ikiwa imeshavunwa, manju Lugiko alipita na baiskeli yake akasimama lamboni. Alikuwa na miwani myeusi na kofia, na alipenda kutazamwa. Akatuambia mtoto aliyekuwa akivuta kamba za Holo amerefuka, miguu inatokea nje ya shuka, watu wanacheka pasipostahili kuchekwa. Anataka mwingine, mdogo, msichana au mvulana sawa tu.

"Lakini nataka anayemjua Holo kuliko ninavyomjua mimi," akasema. "Nitarudi Jumapili ya pili kutoka leo. Wekeni midoli yenu hapa, mshindane kama mnavyoshindana. Atakayevuta watu ndiye nitakayeondoka naye kwenda kwenye ngoma kubwa."

Jamani. Kukaa chini ya shuka, gizani, na kamba za Holo mkononi! Mimi ndiye nimfanye ageuke! Sikulala. Nilijua pia, kama ninavyojua jina langu, kwamba nafasi hiyo ni ya Kabula.

Siku ya pili tulijipima. Mimi upande huu, Kabula upande ule. Safari ile Holo wake alikuwa amempita hata Holo wa manju. Alikuwa katikati ya kugeuka. Mwili bado umenuna, kichwa kimeshaanza kurudi, na mdomo uko njiani kutabasamu. Watoto wakaanza kutembea. Shija akavuka. Wale mapacha wakavuka. Nikabaki na mdogo wangu Rehema, miaka mitano, nimemshika mkono. Nikausikia mkono wake unajichomoa. Aliutoa kidole kimoja kimoja, kwa adabu, akaenda kusimama nyuma ya Kabula.

Rehema! Niliyembeba mgongoni, niliyemfuta kamasi, niliyempa sukari guru niliyoiba dukani! Kabula mwenyewe aliona aibu. "Zena, wako naye mzuri," akaniambia, "shingo tu." Ningemsamehe angenicheka. Ile huruma yake ndiyo sikuweza kuisamehe. Nikatembea kurudi nyumbani nikiwaza jambo moja tu, na kwa akili yangu lilikuwa jambo dogo, la kimchezo: huyu ana dawa. Haiwezekani mtoto anayenipenda aniache hivi hivi. Kuna kitu ndani ya yule Holo.

Kesho yake mchana, Kabula na bibi yake wakiwa wamekwenda kuteka maji, niliingia uani kwao. Holo alikuwa juu ya kinu kilichogeuzwa, juani. Nikamchukua, nikamfunika na upande wa khanga yangu, nikaenda naye hadi nyuma ya duka letu na nikamvunja kwa jiwe. Ndani kulikuwa na kijiti. Kijiti kimezungushiwa nywele nyeupe, ndefu, na juu yake kipande cha kaniki kimefungwa fundo. Nimemkamata! Kaniki ilikuwa ya bibi yake, nilimwona nayo kila siku. Nywele nyeupe, kwani pale ni nani mwenye nywele nyeupe?

Nikaingia dukani mbio. Mama alikuwa nyuma ya kaunta na mbele yake kina mama watatu, mmoja wao Mama Ngassa, ambaye alizika mtoto mchanga masika ile. Nikaviweka vile vitu juu ya kaunta, karibu na mizani.

"Mama, angalia. Dawa ya Kabula. Bibi yake ndiye aliyemwekea, na nywele zake mwenyewe."

Nilitaka mtu aseme, "Alaa, kumbe anaiba huyo mtoto!" Nilitaka waseme sasa haki itendeke, Zena ndiye mshindi. Hakuna aliyesema hivyo. Mama Ngassa aliweka sabuni yake chini taratibu. "Bibi yake?" akaniuliza. "Yule wa macho?" Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, huyo huyo. Mama yangu akasema, "Zena, toka nje," lakini sauti yake ilikuwa haina nguvu na macho yake hayakutoka kwenye zile nywele. Nikatoka nikiruka ruka. Nilidhani wamenyamaza kwa sababu wamenielewa.

Kwa manju, dawa ilikuwa sifa. Alitembea nayo kifua mbele, wanaume wakimnunulia soda. Kwa bibi kizee mwenye macho mekundu, anayekaa mwisho wa kijiji na mtoto wa mtu amekufa masika, neno hilo hilo lilikuwa kitu kingine. Kila mtu mzima pale dukani alijua tofauti hiyo. Mimi sikuijua. Hapo nilikuwa bado ni mtoto aliyekosea, na kama hadithi ingeishia hapo ningeweza kuisimulia kwa yeyote.

Jioni, kabla ya magharibi, Kabula alikuja kwetu. Macho yamevimba. Alinivuta uani, akanikalisha juu ya ndoo, na mimi nikadhani amenigundua.

"Zena, Holo wangu ameibiwa."

"Na nani?" nikasema mimi.

"Sijui. Labda mbuzi wamemwangusha, nimetafuta hata vipande sikuona." Akajifuta na kiganja. "Basi, nitafanya mwingine. Lakini sikiliza, nimekuja kukwambia wewe. Wako anapasuka kwa sababu humwekei kitu ndani. Udongo ukikauka unajivuta, hauna cha kushika. Mimi namwekea kijiti, nakizungushia singa za mkia wa ng'ombe wetu, halafu nafunga na kitambaa ndipo napaka udongo. Bibi anafanya hivyo kwenye vyungu vyake vikubwa, anachanganya singa. Hapasuki hata umtupe."

Akafungua kiganja kingine. Alikuwa na fungu la singa nyeupe, amezifunga na uzi.

"Chukua. Nimekukatia na wewe."

Nilizipokea. Nilimshukuru kwa Kisukuma changu, "Wabeja," naye akanitania lafudhi yangu hata akiwa na machozi. Alipoondoka nilikaa pale juu ya ndoo na zile singa mapajani. Nilikuwa nimeshajua kwamba hakuna dawa, hakuna nywele za bibi, kuna mkia wa ng'ombe. Mtu mwingine angekimbia dukani kusema. Mimi nilikasirika. Nilikasirika kwamba hata siri yake ilikuwa nyepesi hivyo, na kwamba ameweza kuitoa bure, wakati mimi ningeificha hadi kaburini.

Siku zilizofuata watu walibadilika, na kwa kasi. Kisimani kina mama walikuwa wakisogeza ndoo zao Bibi Kabula akifika. Watoto wakakatazwa kula michembe yake. Mtu mmoja ambaye hajawahi kuniongelesha alinisimamisha njiani aniulize tena, zilikuwa ndefu kiasi gani, nikampimia kwa mkono. Nilipata umuhimu ambao sijawahi kuupata. Mwisho wa juma Bibi Kabula alikuta karatasi imechomekwa mlangoni kwake. Hajui kusoma. Kabula ndiye aliyemsomea. Ilimtaka aondoke kabla hajaondolewa, na hilo la pili kule kwetu lilikuwa na maana moja. Kuna wazee ambao hawakupata hata karatasi.

Baba aliipata habari hiyo msikitini akarudi bila kuvua kofia. Nilimsikia akimgombeza mama chumbani, jambo ambalo hakuwa akilifanya: "Mtoto anasema neno kama lile mbele ya watu na wewe unanyamaza?" Mama alikuwa akilia, anasema aliogopa, hakujua aseme nini. Halafu baba akaniita. Hakunifokea. Alichuchumaa mbele yangu macho yetu yakawa sawa, akanishika mabega yote mawili.

"Zena, mama, nijibu kweli tupu. Zile nywele ulizoziona zilikuwa za mtu au za ng'ombe?"

Nikatazama kofia yake.

"Hakuna atakayekupiga. Ukiniambia ni za ng'ombe, nakushika mkono sasa hivi, tunakwenda kwa Mama Ngassa, unasema kwa mdomo wako mwenyewe, na jambo linaisha leo. Usiposema, yule bibi na mwenzio wataondoka hapa kesho."

Nimelirudia swali lile maisha yangu yote, na kila nikilirudia najaribu kumsukuma yule mtoto afungue mdomo. Lakini nilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa ndani yake, na ninajua alisikia nini. Katika maneno yote ya baba nilisikia mawili: wataondoka kesho. Kesho ni Jumamosi. Manju anakuja Jumapili.

"Za mtu," nikasema. "Za bibi."

Nadhani baba alijua. Akaniachia mabega akaenda kukaa kwenye benchi nje ya duka. Alijaribu peke yake. Alikwenda kwa Mama Ngassa, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wakamwambia wewe ni mgeni huku, mambo haya huyajui, na mtoto wako mwenyewe ndiye shahidi.

Waliondoka Jumamosi kabla jua halijapanda. Ng'ombe wao walimwuza kwa yeyote aliyekubali kumshika. Walikwenda Rwamgasa, kwa mjomba wake Kabula aliyekuwa anachimba dhahabu kule, na kwa miaka mingi hilo ndilo jambo pekee nililolijua juu yao. Hapo ndipo utaelewa kwa nini yule muuzaji wa Geita sikumwachia anitajie jina. Inawezekana siye. Rwamgasa ina watu wengi. Akiwa siye, basi sijui kama Kabula yu hai. Akiwa ndiye, basi baada ya yote yale, mikono yake bado ni ile ile, na mimi, Mungu anisamehe, nitamwonea wivu tena.

Jumamosi ile nilikaa kutwa nikifinyanga. Nilichukua kijiti, nikazungushia zile singa alizonikatia Kabula, nikafunga kitambaa, nikapaka udongo. Alikauka mzima. Shingo ndefu, imara, bila ufa. Nilimkung'uta, nikamwangusha makusudi mchangani, hakufanya kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kutengeneza kitu kikasimama, na nilifurahi, sitasema uongo, nilifurahi sana.

Jumapili alasiri manju Lugiko alikuja na baiskeli yake, akaletewa kiti, akakaa na miwani yake. Tukapanga midoli. Wenzangu walikuja na Holo wa kupasuka kama kawaida, na mmoja mmoja walishindwa. Nikabaki mimi na Shija, na Holo wa Shija alikuwa na kichwa cha kiazi. Watoto wakaanza kutembea. Wote wakaja upande wangu. Hata Shija mwenyewe alimwacha mdoli wake akaja. Rehema alikuja akanishika mkono. Nilikuwa nimeota jambo hilo tangu nijue kuota.

Manju akamwinua Holo wangu, akamgeuza, akamgonga kwa kucha. "Hajapasuka huyu. Nani kakufundisha?"

"Mwenyewe."

"Mh," akasema. "Si mbaya."

Na hapo, nyuma yangu, watoto wangu, walionichagua, wakaanza kunong'ona. "Si mbaya, lakini wa Kabula..." "Ee, wa Kabula!" "Wa Kabula alikuwa anatazama hivi, kushoto." "Acha uongo, alitazama mbele!" "Mdomo wake ulikuwa wazi." "Haukuwa wazi!" Manju akawageukia. Sauti zikapanda, wakawa wanasukumana, kila mmoja anamfinyanga Holo wa Kabula hewani kwa mikono, na kila mmoja anakosea. Nilitaka wanyamaze. Nilitaka wamtazame wangu. Lakini zaidi ya hayo sikuvumilia wanavyomharibu.

"Kulia!" nikapiga kelele. "Alikuwa anageukia kulia! Kichwa kimetangulia, bega bado. Mdomo haukuwa wazi, ulikuwa umeanza tu, upande mmoja, huu. Alikuwa bado ana hasira lakini ameshasamehe. Nyinyi hamkumwona vizuri. Shingo ilikuwa na mkunjo hapa, mdogo, kama wa mtu kweli. Alikuwa ndiye. Alikuwa Holo mwenyewe."

Nilimaliza nikiwa nahema. Manju alivua miwani yake, na ndiyo mara ya kwanza niliyaona macho yake. Akaniwekea Holo wangu mikononi, taratibu, kwa adabu kabisa.

"Basi aliyemfanya huyo ndiye ninayemtaka," akasema. "Kamwiteni."

Hakuna aliyesogea. Wale wakubwa kati yetu walitazama chini, Shija akawa anachora vumbi kwa kidole cha mguu. Rehema peke yake ndiye hakuwa ameambiwa kitu nyumbani, kwa sababu ya udogo wake. Akauchomoa mkono wake kwenye wangu akatoka mbio, akikata katikati ya mashamba ya pamba kuelekea nyumba ya mwisho, akiita kwa sauti yake yote, "Kabula! Kabula we! Unaitwa!" na mimi nilisimama pale nikimsikia, sikumwambia arudi.